Alama ya GRE imetoka chini? Anza na maswali uliyokosa

Kijana akifungua matokeo ya jaribio lake la kwanza la GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu, hasa Marekani, na kukuta 143 ya hisabati na 146 ya lugha, yaani Kiingereza, huwa anafanya moja kati ya mambo mawili. Ama anafunga kompyuta na kusema masomo ya Marekani si ya watu kama yeye, ama anaingia kwenye makundi ya WhatsApp na kupakua mafaili ya maswali mpaka simu inajaa. Yote mawili yanamwacha palepale. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Mwanza, na Jumamosi nakaa barazani kwangu Buswelu na wahitimu wanaojiandaa na mtihani huu: wauguzi, walimu wenzangu, wahandisi, vijana waliosomea uvuvi. Nimeona alama za chini sana zikipanda, na waliopanda walifanana kwa jambo moja: walirudi kwenye maswali waliyokosa, wakakaa nayo.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba alama yako ni ya chini kwa kile unachokiomba. Hisabati na lugha kila moja hupimwa kuanzia 130 hadi 170, kwa hiyo usiisome 143 kana kwamba ni alama ya mia. Tena alama za pande hizo mbili hazilingani uzito. Mwenye 160 ya lugha amewaacha nyuma watu wengi zaidi kuliko mwenye 160 ya hisabati, kwa sababu waombaji wengi wa uhandisi na kompyuta hupata hisabati ya juu sana. Anayeomba uhandisi akiwa na 150 ya hisabati ana kazi mbele yake. Anayeomba historia na ana 150 hiyohiyo, macho ya chuo yatakuwa kwenye lugha. Fungua ukurasa wa programu ya masomo unayoiomba usome. Tangu mwaka 2020 programu nyingi zimeufanya mtihani huu kuwa wa hiari, nyingine zimeuondoa kabisa. Kuna dada wa afya ya jamii alikuja kwangu akiwa amejifungia na milinganyo kwa muda mrefu. Tulipofungua kurasa za programu alizozitaka, mbili kati ya tatu hazikuhitaji GRE. Nguvu zake tukazipeleka kwenye barua ya maombi.

Kama unahitaji kuufanya, ujue ulivyo leo. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, unachukua saa 1 na dakika 58. Unaanza na insha moja ya dakika 30. Kisha hisabati ina vipande viwili: maswali 12 kwa dakika 21 na maswali 15 kwa dakika 26. Lugha nayo ina viwili: maswali 12 kwa dakika 18 na maswali 15 kwa dakika 23. Vitabu vya zamani vinavyouzwa mitaani bado vinaeleza mtihani wa karibu saa nne wenye insha mbili. Maswali yake ya hisabati na lugha yanafaa kwa mazoezi, ila ratiba yake isikupotoshe.

Sasa, yale matokeo ya kwanza. ETS, wenye mtihani, wanatoa bure majaribio mawili kamili ya kompyuta yanayoitwa POWERPREP. Ukishafanya la kwanza, la pili liache. Naomba sana uliache. Watu hulichoma siku tatu baadaye kwa kiherehere cha kuona kama wamepanda, halafu inapofika wakati wa kujipima kweli hawana kitu cha kuaminika mkononi.

Chukua daftari kubwa la mistari. Kila swali ulilokosa liandike kwa mkono, upande wa kushoto. Upande wa kulia andika kwa Kiswahili, sentensi moja tu, kwa nini ulikosa. Nasisitiza Kiswahili kwa sababu ukiandika kwa Kiingereza utanakili maelezo ya kitabu bila kuyatafuna. Kisha weka herufi pembeni. Sisi tunatumia J kwa sikujua, E kwa sikuelewa swali, P kwa papara, M kwa muda uliniishia. Na B kwa bahati: swali ulilopata kwa kubahatisha liandike pia, maana siku ya mtihani bahati hiyo inaweza isije.

Ukimaliza, hesabu herufi. Hapo ndipo wengi hushtuka. Kijana mmoja anayefanya kazi na wanunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alikuja akaniambia, "Shikamoo madam. Mimi hisabati sina kabisa." Nikamjibu marahaba, tukafungua daftari lake. J zilikuwa chache. E zilijaa ukurasa. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia bei ya debe imepanda, anakupa jumla ya madebe arobaini kabla hujatoa simu mfukoni. Kilichomwangusha ni maneno ya swali, hasa ya asilimia.

Nikamwekea hivi. Debe lilikuwa 20,000, likapanda hadi 25,000. Limepanda kwa asilimia ngapi? Akasema 25, sawa. Limerudi 20,000. Limeshuka kwa asilimia ngapi? Akasema 25 tena. Hapana, ni 20, kwa sababu mara hii tunaanzia 25,000, na 5,000 ni sehemu ya tano ya 25,000. Halafu nikamwongezea: debe la 20,000 likipanda asilimia 20, kisha likashuka asilimia 20, linarudi lilipoanza? Linafika 24,000, na asilimia 20 ya 24,000 ni 4,800, kwa hiyo linaishia 19,200. Alikaa kimya kidogo, akacheka, akasema, "Kumbe wananiibia hapa." Akaandika upande wa kulia: "Nitafute kwanza asilimia hiyo ni ya nini." Sentensi hiyo moja ilimfutia maswali mengi kwenye daftari, kwa sababu GRE huuliza jambo hilihili kwa sura nyingi: mishahara, idadi ya watu, grafu za mauzo.

Kila swali lililo kwenye daftari lirudie baada ya wiki moja, bila kuangalia jibu, kwenye karatasi tupu. Ukilipata, lirudie tena wiki mbili mbele. Ukilipata mara zote mbili, lipige mstari. Ukilikosa, linabaki. Kazi hii inachosha na haina raha ya kufungua seti mpya, lakini nafuu yote iko hapo. Maswali 15 yaliyochimbwa hivi yana faida kuliko 100 yaliyopitiwa.

Kwa wenye J nyingi, msingi wa GRE ni hisabati ya sekondari. Hakuna kalkulasi wala trigonometria. Kuna hesabu za namba, aljebra, jiometri, na uchambuzi wa data kama wastani, namba ya katikati (median), uwezekano na kusoma grafu. Aliyesoma Kidato cha Nne Tanzania ameshaonana na karibu yote, hata kama alipata F. Kwa hiyo usione haya kurudi kwenye vitabu vya Kidato cha Kwanza na cha Pili. Mhandisi mwenye shahada alinikatalia jambo hili, akasema yeye amesoma hesabu kubwa. Daftari lake lilionyesha anakosea sehemu, vipeo na namba hasi. Fuata mpangilio huu: sehemu, desimali na asilimia kwanza, uwiano, vipeo na vipeuo, milinganyo rahisi, ndipo jiometri. ETS wana kitabu chao cha marudio ya hisabati kinachopakuliwa bure, na masomo mengi ya video ya Khan Academy ni bure pia. Pakua usiku kama bando lako la usiku ni nafuu, uangalie mchana.

Kikokotoo kipo kwenye skrini, lakini kukitegemea kunakula dakika. Una kama dakika moja na robo tatu kwa swali. Anayefungua kikokotoo kutafuta 15 mara 8 ameshaanza kuchelewa. Jizoeze jedwali la kuzidisha mpaka 15, vipeo vya pili mpaka 20, na kugeuza sehemu za kawaida kuwa asilimia kichwani.

Kuna aina moja ya swali ambayo wenye alama za chini hupoteza nyingi, nayo ni kulinganisha viwili: Kiasi A na Kiasi B. Majibu ni yaleyale siku zote: A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au haiwezekani kujua. Tuseme umepewa x kubwa kuliko sifuri, Kiasi A ni x², Kiasi B ni x. Mwenye papara anaweka 2, anapata 4 na 2, anachagua A, anasonga mbele. Weka 1: vinalingana. Weka nusu: A inakuwa robo, B ni nusu, B ni kikubwa. Jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Zoea kujaribu namba za tabia tofauti: sifuri, moja, nusu, hasi, na kubwa, kila inaporuhusiwa. Ukipata majibu mawili yanayogombana, umemaliza, usiendelee kukokotoa. Na kama pande zote mbili ni namba tupu, hakuna herufi isiyojulikana popote, jibu la "haiwezekani kujua" liondoe mara moja.

Kuna jambo la mpangilio ambalo mwenye alama ya chini anapaswa kulijua kuliko mwenye alama ya juu. Ugumu wa kipande cha pili hutegemea ulivyofanya kipande cha kwanza. Ukiharibu kipande cha kwanza unapewa cha pili chepesi, na hapo kufika juu kabisa kunakuwa kugumu. Lakini ndani ya kipande kimoja kila swali lina uzito sawa, jepesi na gumu. Maana yake ni kwamba swali gumu la jiometri likikushika dakika nne limekuibia maswali mawili mepesi yaliyokuwa mbele. Mtihani unakuruhusu kuweka alama kwenye swali, kuruka, na kulirudia ndani ya kipande hichohicho. Ruka. Mzunguko wa kwanza chukua unayoyaweza, wa pili rudi kwa yanayohitaji kufikiri, na dakika ya mwisho jaza kila lililobaki, kwa kuwa jibu la kosa halipunguzi alama. Swali lililoachwa wazi ndilo kosa lisilo na utetezi.

Lugha inahitaji muda mrefu zaidi, na ni vizuri ulijue hilo mapema ili usikate tamaa. Hisabati inaweza kuonyesha mabadiliko ndani ya mwezi. Lugha huja taratibu. Watu hukimbilia orodha za maneno elfu moja. Maneno yanahitajika, ndiyo, ila jifunze kumi kwa siku ndani ya sentensi. Orodha isiyo na sentensi hutoka kichwani kabla ya wiki kuisha.

Kwa maswali ya kujaza nafasi, funika majibu kwa mkono. Kweli, weka kiganja kwenye skrini. Soma sentensi na ujaze neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili. Chukua mfano: "Ingawa mtafiti huyo alisifiwa kwa ______ yake, maandishi yake ya mwisho yana makosa ya papara kila ukurasa." "Ingawa" inakuambia kwamba nusu ya pili inapingana na ya kwanza. Ya pili ni papara, kwa hiyo nafasi inataka kinyume chake: umakini, uangalifu. Ukishakuwa na neno hilo ndipo uondoe kiganja utafute linalofanana nalo. Asiyefunika huvutwa na neno kubwa analolikumbuka kutoka kwenye orodha. Swali likiwa na nafasi mbili au tatu, anza na ile iliyo rahisi, maana ukikosa moja umekosa swali zima.

Vifungu vya ufahamu ndipo wasomaji wetu wanaposhikwa hasa, kwa sababu shuleni tulizoea kutafuta jibu lililoandikwa. GRE inauliza mwandishi anafanya nini: anapinga, anaunga mkono, anaongeza sharti. Zoezi langu ni moja. Soma makala ya Kiingereza, funga, isimulie kwa Kiswahili kwa sentensi mbili. Ukishindwa, hukuielewa, rudia.

Vijana hupata nguvu wanapoanza na jambo la ziwani kwetu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science utafiti kuhusu furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Wengi walizoea kusema furu walipungua kwa sababu sangara, aliyeletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, aliwala. Watafiti hawa wakaonyesha sababu nyingine: maji yaliyochafuka hupunguza mwanga, na furu jike humtambua dume kwa rangi, rangi zisipoonekana, aina zinachanganyikana na utofauti unapungua. Nikiwapa habari hii naomba sentensi mbili. Jibu la kwanza mara nyingi ni "Makala inahusu furu." Hilo halitoshi. Jibu ninalolitaka ni: "Watu husema sangara ndiye aliyewamaliza furu. Mwandishi anaongeza kuwa maji machafu nayo yanaua utofauti wao, kwa sababu samaki hawaonani rangi." Tazama umbo lake: maelezo yaliyozoeleka, kisha upungufu wake, kisha maelezo mapya. Vifungu vingi vya GRE vimejengwa hivyohivyo, viwe vya nyota, vya wachoraji wa Ulaya au vya historia ya kura Marekani. Na angalia neno "nayo". Anayejibu kwamba mwandishi anamtoa sangara hatiani amekwenda mbali kuliko mwandishi mwenyewe, na jibu la namna hiyo huwekwa pale makusudi ili likunase.

Insha nitaisema kwa kifupi. Mada zote zinazoweza kutoka zimewekwa hadharani na ETS, kwa hiyo chagua moja kila wiki, dakika 30, kwenye kompyuta iliyozimwa kisahihisha tahajia, maana siku ile hakipo. Chukua msimamo, toa mifano miwili unayoijua vizuri, na mpe nafasi anayekupinga. Mfano wa Daraja la Kigongo–Busisi, ukiujua vizuri, ni bora kuliko mfano wa Roma usioujua.

Mtihani unaweza kuufanyia nyumbani, na kwa mtu wa Mwanza hilo linaokoa safari ya Dar es Salaam na gharama ya kulala. Lakini nyumbani kuna masharti ambayo yameshawashusha watu alama. Huruhusiwi karatasi ya kawaida. Unatumia ubao mdogo mweupe, au karatasi iliyowekwa ndani ya kava la plastiki linaloonyesha, na kalamu ya kufutika. Vitu hivi vipo kwenye steshenari za mjini. Nunua mwanzoni kabisa mwa maandalizi, ufanyie hesabu zako zote juu yake, kwa sababu wino wake ni mnene, nafasi inaisha haraka, na kiganja kinafuta ulichoandika. Hilo ni bora ulijue katika wiki ya pili kuliko siku ya mtihani.

Chumba kiwe na mlango unaofungwa na asiingie mtu. Kaa na watu wa nyumbani mapema, waeleze siku na saa. Watoto wapelekwe kwa bibi au kwa shangazi. Kama paa ni la bati na ni miezi ya mvua, chagua asubuhi, na kama unaweza kuazima chumba chenye dari, azima. Kompyuta ya mezani umeme ukikatika imezima. Tumia kompyuta mpakato yenye betri inayofika saa tatu. Intaneti iwe ya kifaa kidogo chenye betri yake, kilichojazwa bando la kutosha, na ulishajaribu mtandao wake kwa saa ileile katika chumba kilekile. Pasipoti ndiyo kitambulisho salama zaidi, na jina ulilojisajili nalo lifanane nayo herufi kwa herufi.

Wiki mbili kabla ya tarehe ndipo ufungue POWERPREP ya pili. Ifanye kwa saa ya mtihani, ukiwa na ubao wako. Alama itakayotoka itakuwa karibu na ile utakayopata. Kama iko chini ya unachohitaji, angalia kwanza kama bado unaruhusiwa kusogeza tarehe na kwa gharama gani.

Panga pia nafasi ya kurudia. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, na si zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12, na wewe ndiye unayechagua alama za siku ipi zipelekwe chuoni. Programu nyingi za uzamivu Marekani hufunga maombi Desemba au mwanzoni mwa Januari, na matokeo rasmi huchukua siku 8 hadi 10. Kwa hiyo anayefanya kazi na anaanzia kwenye 143, aanze daftari lake Mei, akae mtihani wa kwanza Septemba, na aibakize Oktoba yote kwa mtihani wa pili kama utahitajika.